Vipimo vya Mtu Asiyekuwepo

Ujumbe uliingia Fundi Pindo akiwa na pini mdomoni na gauni la mtu magotini, na mambo ya ovyo mengi humkuta mtu katika hali hiyo hiyo, mikono imebanwa na akili imezama kwenye kazi. Simu ilikuwa pembeni ya cherehani. Akaitupia jicho. Aliyeandika ni mama wa duka la vyombo, mteja wake wa siku nyingi, na aliandika kwa adabu zake zote: samahani fundi, nimekosea, nimetuma namba sita kwenye simu yako, tafadhali nirushie.

Na kweli namba zilikuwepo. Zilikuja kwa meseji ya kawaida, chini yake maneno mengi madogo madogo ambayo Fundi hakuyasoma. Maneno ya kampuni za simu nani huyasoma? Yeye aliona thelathini na nane, thelathini na moja, arobaini na mbili, na kichwa chake kikafanya kile ambacho kimefanya tangu siku aliyoshika mkasi: kifua, kiuno, nyonga. Mama wa vyombo alikuwa na wadogo zake na mawifi wasioisha, na kila mmoja akitaka gauni vipimo vilikuja hivyo hivyo kwa simu, vimeshikana bila hata nukta. Kwa hiyo Fundi akatema pini, akazirusha zile namba, na kwa kuwa kazi yake anaipenda akaongeza na lake: huyo dada ana umbo la kushonewa, ila sijaona urefu wa gauni.

Jibu halikuja. Badala yake ukurasa wake wa kuchati ukajifunga, ukamwambia kwamba akaunti yake imefunguliwa kwenye simu nyingine. Fundi akadhani bando limekwisha. Akaiweka simu kifudifudi, akarudi kwenye pindo lake, maana mwenye gauni alikuwa anakuja kulichukua jioni na si mtu wa kusubirishwa.

*

Asubuhi iliyofuata msusi wa kibanda cha pili alikuja mapema, kitana kikiwa bado kichwani mwake, akamwinamia Fundi sikioni. Alitaka kujua kama yuko salama. Fundi akasema yuko salama, kwani vipi. Msusi akamwonyesha simu yake.

Pale juu kulikuwa na picha ya Fundi mwenyewe, tepu shingoni, anacheka. Chini yake yameandikwa maneno ambayo Fundi hakuyaandika: kwamba ameanza utaratibu mpya, kwamba mteja hana haja ya kuja kupimwa tena, ajipige picha akiwa na nguo za ndani tu, ya mbele na ya ubavuni, aitume, na yeye Fundi atapima kwa macho. Na kulikuwa na punguzo kwa watakaotuma leo.

"Nikasema huyu ama kapata wazimu ama kapata mume mwingine," msusi alisema. "Sikutuma, lakini wapo watakaotuma. Wewe watu wanakuamini."

Hilo la kuaminiwa ndilo lililomwingia Fundi. Akakaa kwenye kigoda cha wateja. Akaichukua simu yake, akaitafuta ile meseji ya jana, na safari hii akayasoma maneno madogo madogo, moja baada ya jingine, kama mtoto anayejifunza. Yalisema: usimpe mtu yeyote namba hizi. Wakampigia mama wa vyombo kwa simu ya kawaida. Akapokea akilia. Na yeye alikuwa ameibiwa akaunti kwa njia hiyo hiyo, na tangu jana alikuwa anaona aibu kumwambia mtu.

Kufika saa nne habari ilikuwa imeshaenea, na kama kawaida ya habari, ilikuwa imenenepa njiani. Sasa ilikuwa ni Fundi anayewapiga wateja picha kwa siri. Nesi mmoja akaja kudai kitambaa chake ambacho kilikuwa hakijakatwa. Alikikunjua chote pale mezani, akakikagua pindo hadi pindo, akakikunja, akaondoka bila kuaga. Mwingine, mama mtu mzima ambaye Fundi alimshonea hata nguo za uzazi, aliingia nyuma ya pazia la kujaribia nguo na kuanza kupapasa ukuta kwa kiganja. Anatafuta tundu la kamera. Alipapasa juu, akapapasa chini, akachungulia hata nyuma ya kioo, na muda wote huo Fundi alisimama amemshikia pazia, kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Mama yule hakupata kitu. Akasema, haya, akatoka.

Fundi akafunga kibanda kabla ya mchana. Njia nzima alitembea akitazama chini, na ilimuuma sana, maana hakuwa ameiba cha mtu.

*

Nyumbani mume wake, mpaka rangi wa majumba, alikuwa amelala chali sakafuni kunyoosha mgongo, kama afanyavyo kila siku isiyo na kazi. Mama mkwe alikuwa kwenye kiti chake anachambua mchele. Fundi aliwasimulia wawili hao yote, hakuficha, hata lile la kuongeza kwamba huyo dada ana umbo. Mume alitaka kucheka. Akamwangalia mkewe usoni, akaacha.

Ndipo simu ya mume ikalia. Ujumbe umetoka kwenye namba ya Fundi, na ile ile picha yake ya tepu. Mume akaanza kuusoma kwa sauti, kwa kuwa ndivyo anavyosoma kila kitu, hata vibao vya barabarani.

"Mwambie mkeo picha ninazo. Naanza na mwalimu mkuu mwenye titi moja. Kesho saa sita mchana naweka kwenye kundi la wazazi..."

Akainua macho. "Mwenye nini?"

Fundi alimpokonya simu, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Katika mji mzima, ukiondoa mume wa Madam, huyo mwalimu mkuu, na daktari wake, ni Fundi peke yake aliyejua. Mwaka uliopita Madam alifanyiwa upasuaji, akaja kibandani siku hakuna mtu, akavua blauzi yake bila kusema neno, na Fundi akampima bila kuuliza. Tangu hapo kila gauni la Madam lilishonewa pedi ndani, upande wa kushoto, kazi safi, hata upepo ukivuma hujui. Fundi hakumwambia hata mumewe wanayelala kitanda kimoja. Sasa neno lenyewe limesomwa sebuleni kwake, kwa sauti ya kusomea vibao.

"Neno hilo lisitoke humu ndani," alisema. Sauti yake mwenyewe ilimtisha.

"Mimi sijasikia kitu, mwanangu," mama mkwe alijibu akiendelea na mchele wake. "Masikio yangu siku hizi hayafai kabisa." Na huyo ndiye aliyekuwa akisikia sufuria likifunuliwa jikoni kwa jirani.

Walisoma yaliyobaki kimyakimya. Mtu yule alitaka hela, na alijua kutaka. Haikuwa nyingi kiasi cha mtu kusema haiwezekani, ilikuwa karibu sawa na ile waliyoweka kwa ajili ya cherehani ya pili. Kundi la wazazi namba ya Fundi ilikuwemo, kwa kuwa binti yao alisoma pale na sare za nusu ya shule alizishona yeye. Wazazi wote watamwona Madam. Na watoto wao nyuma ya migongo yao.

Mume akasema watume, yaishe. Hakusema kwa woga. Alisema kwa kuwa alimwona mkewe akijaribu mara ya tatu kutunga uzi kwenye sindano, na unakataa. Cherehani itapatikana siku nyingine. Fundi naye moyoni alikuwa ameshatuma. Alichokitaka ni kimoja tu, Madam asijue kamwe, asubuhi iamke kama asubuhi nyingine, na yeye aendelee kushona pedi zake kimya.

Ni mama mkwe aliyeuliza, bila kuinua kichwa, "Na mwezi ujao akitaka tena?"

Mume akainuka kutoka sakafuni, akavaa shati.

*

Askari wa kaunta alikuwa na rejista mbele yake na foleni nyuma yao, na hakuona sababu ya kunong'ona. Picha za aina gani? Za utupu? Za nani? Wewe ndiye uliyewapiga? Watu wa kwenye benchi wakaacha kupiga miayo. Fundi alijibu kila swali akiangalia kifungo cha sare ya askari, kimelegea, kinaning'inia kwa uzi mmoja, na alijishangaa kwamba hata sasa jicho lake linatafuta kazi. Mume akasema taratibu kwamba mke wake ndiye aliyeibiwa. Askari akauliza kimeibiwa nini basi, simu si hiyo ameishika?

Mlango wa pembeni ukafunguka, askari wa kike akawaita ndani. Alikuwa na chumba kidogo chenye meza moja na feni mbovu, na alionekana mtu aliyeshasikia kisa hiki mara nyingi kabla yao. Hakumlaumu Fundi, na hilo peke yake lilitosha kumtoa machozi. Akamwambia alie kwanza, halafu wafanye kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Hela isitumwe hata senti, kwa sababu anayelipa anaonekana ni mtu wa kulipa. Wasimjibu, wasimtukane, wala wasifute kitu, kila ujumbe waupige picha kwenye kioo cha simu na wamletee. Akaunti iombwe upya kwa laini ile ile, na namba zikija azisome Fundi peke yake, halafu aweke na namba ya siri ya pili ambayo mwizi hawezi kuipata hata akitumiwa zile namba sita. Wakajaribu hapo hapo. Mtandao ukasema majaribio yamezidi, mwizi alikuwa ameshabonyeza kupita kiasi, kwa hiyo wasubiri mpaka kesho jioni. Kesho jioni, na mtu kasema saa sita mchana.

Fundi akauliza sasa huyo Madam wamfanyeje. Askari akafunga kalamu yake.

"Kwani yeye anajua?"

"Hajui."

"Basi mwambie wewe, kabla hajaambiwa na mwingine. Picha siwezi kukuahidi kwamba nitaizuia. Lakini likimkuta ameshajiandaa, na likimkuta yuko peke yake hana habari, si kitu kimoja."

Fundi alisema ndiyo. Kisha njiani akamwambia mumewe kwamba afadhali angeambiwa akabebe mawe.

*

Madam alikuwa mrefu, mkavu, na wanafunzi walimwita Chuma, jina alilolijua na kulipenda. Asubuhi iliyofuata alikuwa ofisini kwake anasahihisha, mlango wazi. Alimwona Fundi mlangoni, akadhani amekuja kwa habari ya sare, akaanza kusema kwamba zile za darasa la chini mikono ni mirefu. Fundi akafunga mlango nyuma yake. Hakuna mtu hufunga mlango wa Madam bila kuambiwa, kwa hiyo Madam akaweka kalamu chini.

Fundi alisimulia amesimama, mikono nyuma, kama waliofika pale kwa utoro. Alianza na namba, akaja kwenye picha, akaja kwenye kundi la wazazi. Alipofika kwenye lile neno hakulitamka. Alisema tu, huyo mwizi anajua, Madam, anajua habari ya upande wa kushoto. Na kwamba yeye hakumwambia mtu, haki ya Mungu hakumwambia, lakini mlango aliufungua yeye kwa mikono yake, na kama Madam atasema asimshonee tena wala wasionane tena, ataelewa.

Uso wa Madam ulikuwa umebadilika rangi. Nje kulikuwa na darasa linaimba jedwali la kuzidisha. Alifungua mtoto wa meza, akatoa simu, akavaa miwani, na akaanza kupandisha ujumbe kwa kidole, polepole, kama mtu anayetafuta kosa kwenye mtihani.

"Aliniomba picha, ni kweli," alisema. "Nikadhani ni wewe. Nilishangaa, lakini nikasema labda kazi imemzidi." Akasogeza simu mbali kidogo na macho. "Nikamtumia."

Fundi akashika ukingo wa meza.

"Nilimtumia picha ya gauni la bluu. Liko kwenye hanga, mlangoni. Nikaandika, hebu ngoja nikusomee, fundi, mimi picha sipigwi na wewe unanijua, tumia vipimo vya hili la bluu, na usisahau pedi, titi ni lile lile moja." Sauti yake ilishuka mwishoni, kisha akakohoa kuipandisha. "Basi. Hakuna kingine."

"Kwa hiyo hana picha yako."

"Ana picha ya gauni."

Fundi alikaa chini bila kukaribishwa. Kilichomtoka kilikuwa nusu kilio na nusu pumzi, na alijifunika uso kwa mikono yote miwili akakaa hivyo, akirudia tu, hana, hana. Madam alimwacha. Alikuwa bado na simu mkononi, na taratibu ule uso wa Chuma ulikuwa unarudi mahali pake.

"Na hilo kundi la wazazi," akasema, "anadhani ni la nani?"

Akabonyeza. Akabonyeza tena. "Nimemtoa."

Ilikuwa rahisi hivyo. Aliyelianzisha kundi ni Madam, anayeingiza na kutoa ni Madam, na saa sita mchana jitu lililokuwa limewanyima watu wawili usingizi lingekuta mlango umeshafungwa. Lingeweza kumwandikia mtu mmoja mmoja, na Madam alilijua hilo. Akaandika mwenyewe kwa wazazi, hakumpa mtu kazi hiyo: namba ya fundi wetu imeibiwa, kinachotoka humo si chake, mkiombwa picha msitume, na aliyekwisha kutuma asijifiche, aje ofisini kwangu au aende polisi, hatacheka mtu. Akasoma alichoandika, akasahihisha mkato mmoja, akatuma.

Kisha akavua miwani na kuuliza zilikuwa namba gani hasa, hizo ambazo Fundi alidhani ni vipimo. Fundi akamtajia. Kifua thelathini na nane, kiuno thelathini na moja, nyonga arobaini na mbili.

Madam alianza kucheka. Kilikuwa kicheko cha chini, kama kinachotafuta njia mahali ambapo hakijapita siku nyingi, halafu kikaipata, akacheka mpaka akaegemea kiti. Fundi naye akachekea kwenye kiganja, halafu akashindwa kujizuia. Walimu wa chumba cha pili wakanyamaza kusikiliza. Madam akasema huyo mwanamke, kama angekuwepo, yeye angemwonea wivu.

*

Saa sita ilipita bila neno. Jioni akaunti ikarudi, Fundi akaisoma meseji yote, maneno madogo na makubwa, akaweka na namba yake ya siri, na mama wa vyombo akaja kibandani kufundishwa naye aweke yake. Mwizi aliandika mara mbili kwenye simu ya mume akitumia laini nyingine, matusi matupu, wakampelekea askari wa kike wala wasijibu. Mwanamke mmoja alikuwa ametuma picha yake kweli, akiwa amejifunga taulo. Alikwenda polisi na mumewe, na walitoka huko wameshikana mikono.

Wateja walirudi mmoja mmoja. Hakuna aliyeomba radhi, watu hawapendi kazi hiyo. Nesi alirudisha kitambaa chake akisema alikuwa amekichukua kukipima rangi. Yule mama wa kupapasa ukuta alileta vitambaa viwili badala ya kimoja, akaingia nyuma ya pazia akasema, fundi, njoo unipime, na akainua mikono juu. Fundi akampima.

Madam alikuja siku chache baadaye kujaribu gauni la mahafali. Alilivaa, akajitazama kwenye kioo, akajigeuza. Lilimkaa vizuri sana. Fundi alipiga magoti kuweka pini kwenye pindo, na Madam akazungumza akiangalia kioo.

"Toa pedi."

Fundi alidhani imemchoma mahali. Akauliza kama aishushe kidogo.

"Usishushe. Itoe. Halafu upunguze upande huu, gauni linikae nilivyo." Akajigeuza tena mbele ya kioo. "Asubuhi ile, kama usingekuja kuniambia, mchana wake ningekufa kwa aibu mbele ya wazazi. Na ulipokuja nikatetemeka vile vile. Nikajiuliza, namwogopa mtu nisiyemjua hata sura, kwa ugonjwa ambao sikuuomba? Nitaogopa mpaka lini?"

"Watu wataona, Madam."

"Waone. Kisha wazoee, mimi nimezoea."

Fundi aliingiza mkono ndani ya gauni, akautafuta uzi wake mwenyewe, ule mshono mdogo ambao alijivunia, akaukata kwa wembe. Pedi ikamjia mkononi, nyepesi, ina joto la mwili. Madam akavuta pumzi mpaka chini kabisa. Kisha, mbele ya kioo na mbele ya mtu, akajikuna pale ubavuni taratibu, kwa raha, akifumba macho.

"Mwaka mzima," alisema, "kitu hicho kimeniwasha mwaka mzima."